Wiki ya Baridi Lubumbashi

Jumamosi, Kasumbalesa

Tumevuka mpaka, kutoka Zambia hadi Kongo. Kuanzia Chililabombwe, upande wa Zambia, barabara ilikuwa imejaa malori yenye shehena ya shaba, madereva wakipika chai kando ya magurudumu, na basi letu dogo lilipenya katikati yao kwa mwendo wa mgonjwa. Mimi na mdogo wangu tumeshazoea. Tangu tulipotoka Mbeya tumekuwa tukishuka pole pole kupitia Zambia, tukikaa pale tunapopapenda na kuondoka pesa inapoanza kutuonya.

Upande wa Kongo, kabla pasipoti haijafunguliwa, ofisa wa afya aliomba kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mbele yetu kulikuwa na kijana aliyechanjwa juzi akabaki anabembeleza, maana cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano. Sisi tulichanjwa nyumbani mapema. Kwa wenye kadi za zamani zilizoandikwa mwisho wa miaka 10, habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 sindano hiyo moja inahesabiwa kuwa ya maisha yote, kadi za kale zikiwemo. Yangu nimeitia kwenye nailoni pamoja na pasipoti, nayo hulala chini ya mto wangu.

Dola ukija nazo huku, ziwe safi. Noti yenye mpasuko, hata wa ukucha, wabadilishaji wanakurudishia bila maneno mengi.

Kutoka mpakani hadi Lubumbashi ni kama kilomita 90. Tumeingia mjini giza limeshakaza, tukaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni ya masista. Inatugharimu zaidi ya tunavyolala kwa kawaida, na nimelipa bila kusita. Ndiyo desturi yetu: tukifika mji mgeni tumechoka, usiku wa kwanza hatuutafutii bei ya chini. Tunataka mlango unaofungwa kwa ndani, chandarua kisicho na tundu na ndoo moja ya maji ya moto. Mtu aliyelala vizuri huamka akapatana bei vizuri, akachagua chakula kwa akili, akasoma uso wa anayemtaka kumpeleka mahali. Aliyekesha hununua chochote na kula chochote.

Jumapili, Katuba

Mchana tumehamia Katuba, mtaa wa Lubumbashi, chumba kimoja uani kwa mama mmoja mjane anayeishi na wajukuu zake. Sista mmoja ndiye aliyetuelekeza. Bei ni ya kukaa, si ya kulala na kuondoka.

Kabla ya kuweka mizigo nilifanya ukaguzi wangu. Godoro unaliinua, unapitisha tochi ya simu kwenye mishono na kwenye pembe za kitanda. Ukiona vidoa vyeusi vidogo kama wino uliochuruzika, pana kunguni, omba chumba kingine kwa upole. Hapa palikuwa safi. Mabegi hata hivyo tumeyatundika msumarini, na kila mmoja analala ndani ya kitenge chake alichokishona kuwa mfuko. Kitenge hicho nakisifu kuliko kitu chochote nilichobeba: ni shuka pale shuka inapotia shaka, ni pazia, ni taulo, kinakauka upesi na hakina uzito.

Sasa baridi. Kwetu pwani mtu akisikia Kongo anawaza msitu na jasho. Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi huu wa Julai, jua likizama tu, mwili unatafuta koti. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mchana anga ni buluu bila wingu, mvua hakuna hadi karibu Oktoba au Novemba, lakini alfajiri unaona pumzi yako mwenyewe.

Jioni kila ua una mbabula, lile jiko la makala, yaani mkaa, watoto wameizunguka wakinyoosha viganja. Mdogo wangu alipouliza kama tunaweza kuiazima tulale nayo, mama mwenye nyumba aliweka chini mwiko wake.

"Hapana, mwana wangu. Mbabula inabaki inje. Hata ikizimika, usiiingizake mu nyumba. Ile moto haina na harufu, inauaka watu mu usingizi."

Anasema kweli. Makala yanapoungua hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo hukaa katika damu mahali pa oksijeni. Moshi unaouona ukiisha, watu hudhani hatari imeisha. Kumbe makala yaliyofunikwa na jivu jeupe, yasiyotoa moshi wowote, bado yanaimwaga. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na aliyelala hazisikii kabisa. Kila msafiri anayekwenda nyanda za juu msimu huu, iwe huku, iwe Njombe au Mufindi, ningetamani alisikie hili kabla hajafika. Ukikuta mtu ndani ya chumba cha namna hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa, kisha mkimbize hospitali.

Tunapata joto kwa njia nyingine. Chupa yangu ya chuma naijaza maji ya moto, naivika soksi na kuitia miguuni dakika chache kabla ya kulala. Nguo za kulalia ni tofauti na za mchana, kwa kuwa za mchana zimenyonya jasho na jasho ndilo linalopoza. Kofia ya sufu. Na kula kabla ya kulala: bukari, yaani ugali, ikiwa ya moto tumboni inafanya kazi hadi usiku wa manane.

Jumatatu

Kwa mpango wetu leo ilikuwa siku ya kuzunguka mji. Nimeitumia kwenye maji, na siku haikuharibika.

Kwenye ua huu maji yanaletwa kwa bidoni, yaani madumu, za njano kutoka kisimani, bomba likitoa au lisipotoa. Bidoni ni safi kwa nje. Ndani hakuna anayejua. Njia yetu ya kwanza ni kuchemsha, na siri ya kuchemsha kwa pesa kidogo ni kuungana na jiko la mtu. Makala hununuliwa, hivyo kumwambia mwenyeji akuwashie moto wa maji peke yake ni kumtia gharama. Sisi tunachangia mfuko wa makala, halafu bukari na mboga zikishaiva, sufuria yetu inapanda juu ya moto uleule. Maji yakitokota kwa nguvu dakika 1 yanatosha. Ukiwa juu zaidi ya mita 2,000, yape dakika 3, kwa sababu huko yanatokota kabla hayajawa moto sana. Yanapoa yakiwa yamefunikwa, yanamiminwa kwenye chombo chenye mdomo mwembamba. Kikombe hakichovywi humo hata siku moja: maji yaliyochemshwa vizuri huharibiwa na mkono.

Njia ya pili inalitegemea jua la Katanga, kama ukanda huu unavyoitwa. Chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita 1 au 2, unazijaza maji maangavu na kuzilaza juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Mionzi huua vijidudu vinavyoharisha. Kukiwa na mawingu inabidi ziachwe siku 2, lakini Julai hapa mawingu yako wapi? Maji yawe maangavu kweli. Yakiwa na tope, kwanza yaache yatuame, yachujwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Wajukuu wa mama wameupenda mchezo huu, sasa juu ya bati kuna safu ya chupa zao pia.

Sifanyi haya kwa wasiwasi wa mgeni. Kipindupindu hakijawahi kuiacha Kongo, na mwenyeji wetu anazo habari zake mwenyewe za majirani. Ndiyo maana kwenye begi langu kuna pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini, na zikiisha nazijua kwa kichwa: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usikadirie, pima. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa kwa mtoto. Anayeharisha maji matupu mfululizo anywe hayo huku akipelekwa kituo cha afya.

Baridi ina hila yake: kiu haiji. Hewa ni kavu, midomo inapasuka, na mtu anamaliza siku kwa vikombe viwili vya chai. Mimi naangalia mkojo. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, nakunywa nisikie kiu au nisisikie.

Jirani alituletea munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi kinacholegezwa kwa mizizi. Kitamu, kichachu kidogo, kinashibisha. Mizizi hiyo huloweshwa kwenye maji na kuingia kwenye uji uliokwisha kupoa, kwa hiyo niliuliza kwa adabu maji ya kuloweshea yalitoka wapi. Mama akacheka akajibu kwa niaba ya jirani: yalichemshwa. Nikanywa vikombe viwili.

Jumanne

Tumetembea hadi mjini na kurudi kwa daladala, ambayo huku ni teksi-basi. Vumbi jekundu, bomba refu la moshi la kiwanda cha Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba kando yake vinakufuata machoni popote unapogeuka. Kanga puani, miwani machoni. Soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nilipatana na mama lishe mwenye foleni ndefu saa sita, bukari ikitoka jikoni ikifuka, lengalenga, yaani mchicha, na samaki. Sufuria inayoisha mapema haina chakula cha jana. Huwa nakula penye watu wengi na moto mkubwa, na huwa sili saladi ya mtu nisiyeona alivyoiosha.

Vumbi la mji huu si la kupuuza. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini huku Katanga wana kobalti nyingi mno kwenye mkojo. Msafiri wa wiki mbili si sawa na mtoto anayekulia hapo, na ni huyo mtoto ninayemwaza zaidi. Lakini kunawa mikono kabla ya kula, kuosha mboga za majani maji matatu na kuacha viatu mlangoni ni mambo yasiyo na gharama, na mama mwenyeji anayafanya yote bila kuambiwa na mtafiti.

Jumatano

Usiku mdogo wangu alianza kutetemeka, nikadhani ni baridi. Nikamgusa shingo: moto.

Saa mbili asubuhi tulikuwa kituo cha afya cha mtaani, mama mwenyeji ametusindikiza akiwa amejifunga kitenge mara mbili. Watu njiani walitupa ushauri wa bure: chukua vidonge dukani, ni malaria tu, au ni mafua ya baridi tu. Sikununua hata kimoja. Homa ina baba wengi, na dawa ya kubahatisha hupoteza pesa na kuuficha ugonjwa wenyewe. Muuguzi alimtoboa kidole, tone la damu kwenye kipimo cha haraka, tukasubiri kama dakika 20. Mistari miwili. Malaria.

"Mama, mulitokea wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia tulikaa Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, kabla ya kuja Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba wa Zambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jirani anayemjua. Malaria kwa kawaida huonekana siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, mara chache sana kabla ya siku 7. Kwa hiyo homa inayokushika mji huu mara nyingi umeibeba kutoka mji uliopita, na mganga asipoambiwa njia uliyopita anaweza kuitazama baridi ya Julai akaiweka malaria mwisho wa orodha. Daftari la safari lina faida hiyo pia: tarehe na mahali pa kila usiku. Nililifungua mbele yake.

Chandarua tulilalia kila siku kule ziwani. Chandarua humlinda aliyelala, ila mbu wa malaria huanza kazi jua likizama, saa ambazo watu wako nje wakila samaki na kupiga soga. Kwa saa hizo ni mikono mirefu, soksi na dawa ya kupaka.

Amepewa mseto wa artemether na lumefantrine: vidonge 4 kwa mara moja, mara 6 ndani ya siku 3, vyote 24. Dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Muuguzi alisisitiza vinywewe na chakula chenye mafuta, kwa kuwa bila mafuta mwili hauifyonzi dawa vizuri. Akitapika ndani ya saa 1, anarudia dozi. Na akashika vidole vyake mmoja mmoja kunihesabia mambo ya kumrudisha mbio hata usiku: akishindwa kukaa mwenyewe, akitapika kila kitu, akichanganyikiwa, akipata degedege, mkojo ukiwa mweusi.

Gharama imetoka kwenye fungu la ugonjwa, bahasha ambayo hatujawahi kuigusa kwa nauli wala kwa chakula. Bahasha hiyo ni ya kwanza kujazwa kila tunapopata pesa.

Alhamisi

Kengele ya simu asubuhi, vidonge, uji wa karanga, parachichi nusu. Mama kaleta supu ya kuku bila kuulizwa. Homa imeshuka kidogo, amelala mchana kutwa. Nami nimefua.

Huku kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa juu ya majani. Mayai huanguliwa humo, funza akihisi joto la mwili anaingia kwenye ngozi, na baada ya siku chache una jipu lenye kitundu kinachocheza. Dawa yake ni pasi, pande zote mbili, kwenye mishono na ukanda wa kiuno zaidi ya kwingine. Nimeazima pasi ya makala, nikaitumia uani, nikapiga kila kitu: chupi, soksi, kitenge, hata taulo.

Na vitambaa vyetu vya hedhi. Wanawake tunaosafiri muda mrefu tunaogopa kuvianika mbele za watu, tukaviweka chini ya nguo nyingine vikakaukia gizani, vibichi. Huko ndiko kunakozaliwa muwasho na harufu. Nimevianika juani waziwazi kwenye kamba, kitenge chepesi kimoja kikivificha kwa upande wa barabara tu, kisha pasi. Mabinti wa nyumba hii wana kamba yao ileile. Tuliongea mengi ambayo sisi na wao hatukuwa tumeongea na mtu.

Ijumaa

Tulitakiwa tuwe Likasi leo, mji unaofuata katika safari yetu. Dozi ya mwisho imemezwa saa nne usiku, na amekula bukari mwenyewe na kuomba nyongeza ya matembele.

Sikutoka isipokuwa hadi kwenye kona, ambako vijana wenye jezi nyeusi na nyeupe walikuwa wakibishana kuhusu Mazembe, timu ya soka ya hapa. Siku kama hizi tunaziweka kwenye safari hata pasipokuwa na mgonjwa: siku ya kutopanda gari, kutopiga picha, kutoona kitu. Kupiga simu nyumbani na kuongea mpaka mazungumzo yaishe yenyewe. Uchovu wa kutokuwa na kwako ni uchovu kweli, huja na hasira kwa vitu vidogo, na nimeona wasafiri wenzetu wakigombana na kuachana njiani wakati walichohitaji ni siku tatu katika chumba kimoja na chakula cha aina moja.

Jumapili

Muuguzi amemwona tena. Homa hakuna, anatembea, ila amechoka, na uchovu huo unaweza kukaa wiki nzima. Homa ikirudi popote tutakapokuwa, tupime upya siku hiyohiyo na tuonyeshe karatasi aliyoandika.

Nimepitia matumizi. Tumekula kwa pesa ndogo, tumetembea kwa miguu, hatukununua hata kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani la mapambo, ingawa wauzaji walitufuata hadi mlangoni. Fungu la kulala limezidi, la maji na makala limezidi, la ugonjwa limepungua nusu. Tutakaa Likasi kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga ili lijae tena. Pale kuna rafiki wa mama mwenyeji mwenye chumba.

Likasi ni kama kilomita 120, lami. Tunaondoka Jumanne asubuhi. Nimeweka juu kabisa ya begi maji, chumvi na sukari, kanga ya vumbi na sweta. Viti nimevipata vya mbele, ambako gari halimrushi mtu, na mdogo wangu ameshasema dirisha ni lake.